Seli Zilizofia Kwenye Chupa

Hospitali nzima inamwita Mama Nta. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kugandisha vipande vya nyama ya binadamu ndani ya nta, kuvikata vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kuvitia rangi ili daktari wa darubini avisome. Nimeona maabara kama yake katika nchi kadhaa. Zote zina dirisha dogo, feni mbovu, na mtu mmoja ambaye bila yeye hakuna anayejua anaumwa nini. Mtu huyo kwa kawaida ana hasira. Mama Nta anawapita wote.

Siku ninayoisimulia alikuwa na sababu. Mdogo wake, kinyozi, alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau kwenye ini. Picha hazikutosha kuamua, kwa hiyo walimchoma sindano ndefu wakatoa kinyama chembamba kama uzi. Daktari wa upasuaji hakuficha: kama ni saratani, akate sasa, uvimbe ukiwa bado upande mmoja. Ukisambaa, hatagusa.

Majibu yalitoka asubuhi hiyo: "Seli zilizokufa. Hakuna saratani iliyoonekana."

Mama Nta alichukua slaidi, kile kioo chenye kinyama cha mdogo wake, na kuingia kwa daktari wa darubini bila kubisha hodi.

"Daktari, umeandika nini hapa?"

"Nilichokiona. Zimekufa."

"Zimekufia wapi?"

Daktari ni mtu mpole, na siku hiyo alikuwa na slaidi arobaini mezani na mgongo unaomuuma. "Mama Nta, mfu ni mfu."

"Mfu si mfu! Tazama tena. Seli ikifia mwilini namna hii, chembe nyeupe za damu zinajaa kuizoa. Haya, nionyeshe hata moja iliyokuja msibani."

Daktari aliinama. Alisogeza slaidi kulia, akairudisha kushoto. Kila kitu kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa nyanya. Viini vya seli vimefutika, na pembeni hakuna kilichoguswa wala kuzolewa.

"Zimeozea kwenye chupa," alisema polepole, akafuta majibu yake. "Warudie sindano."

"Angekuwa si mdogo wangu ungefuta?"

Daktari alivuta slaidi inayofuata. Na Mama Nta hakuwa na haki ya kuuliza, ingawa hilo alikuwa bado hajalijua.

Alipanda ngazi mbili mbili. Formalini ndiyo dawa inayozuia kinyama kuoza kikishatoka mwilini. Kama kimeoza, basi kuna mtu wodini ameichezea, na alikuwa na maneno ya mtu huyo tayari mdomoni.

Kwanza alimkuta mdogo wake amekaa kitandani, amevaa viatu, begi magotini.

"Dada! Sista kaniambia zimekufa. Naenda kufungua duka."

"Vua viatu."

"Lakini zimekufa!"

"Zilikufa baada ya kutoka kwako. Zilizobaki ndani hatujui. Sikiliza. Kirusi cha homa ya ini kimekaa kwenye ini lako tangu utotoni. Seli zinakufa, ini linaotesha nyingine. Zinakufa tena, linaotesha tena. Kwa miaka yote hiyo ya kukimbizana, siku moja inazaliwa iliyoharibika. Seli iliyoharibika mwili umeiwekea amri ijiue. Sasa kuna inayokataa. Wenzake wanakufa, yenyewe inachukua nafasi zao na kuzaana."

Kinyozi alifikiri. "Kama yule mpangaji wangu wa chumba cha nyuma."

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Lini huna?" alisema, lakini alianza kufungua kamba za viatu.

Chumba cha sindano kilikuwa mwisho wa korido. Sista, msichana mwenye miezi miwili tu kazini, alikuwa anapanga chupa.

"Nani anatia maji kwenye formalini?"

"Mimi, mama."

Akasema hivyo hivyo, bila hofu.

"Unatia maji! Nawaletea dawa imeshachanganywa, tayari kwa kutumia, na wewe unaongeza maji? Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Sista alinyoosha kidole ukutani. Juu ya sinki kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta kwenye pembe zote nne: SEHEMU MOJA DAWA, SEHEMU TISA MAJI. MSIKOSEE. Neno la mwisho lilipigiwa mistari miwili.

Mwandiko ulikuwa wa Mama Nta.

Aliiandika miaka iliyopita, walipokuwa wanapelekewa dawa kali na kuichanganya wenyewe. Miezi miwili nyuma watu wa wodini walilalamika kwamba mvuke unawachoma macho, akaanza kuichanganya yeye kule chini. Alimwambia sista wa zamani, naye akahamishwa wiki hiyo hiyo. Karatasi haikuhamishwa.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Hukukosea. Umefuata." Aliibandua karatasi kwa kucha, na rangi ya ukuta ikatoka nayo.

Mchana ule sindano ilirudiwa. Mama Nta alisimama pale ameshika chupa yake mwenyewe mpaka uzi wa nyama ulipozama ndani. Siku ya pili daktari alimwita darubinini. Safari hii viini vilikuwa vyeusi, vikubwa, vimebanana. Kimoja kilikuwa kinagawanyika.

Aliyapeleka majibu kitandani yeye mwenyewe.

"Ziko hai?" aliuliza kinyozi.

"Ziko hai, washenzi hawa."

"Basi wakate." Akageukia ukuta.

Upasuaji ulipangwa kesho yake. Mama Nta alirudi chini, akafungua daftari la sampuli na kurudi nyuma miezi miwili. Wagonjwa tisa walikuwa wameambiwa seli zao zimekufa, wakavaa viatu vyao na kwenda zao. Aliwapigia duara jekundu mmoja mmoja, kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akavuta simu.

"Halo? Napiga kutoka hospitali. Usikate. Yale majibu yako, mimi ndiye niliyekosea."