Bandeji za Gogo

Baba yangu alipigana ngumi za uzito wa juu miaka kumi na minne, wakamwita Gogo. Siku hizi ni fundi wa makochi, na anatamani kitu kimoja tu: kuwafundisha vijana wa klabu yake ya zamani.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu kunyolewa. Nikamkuta mwenyekiti wa klabu kwenye kiti, povu tele kidevuni hadi puani, na Baba kwenye benchi akisubiri zamu.

"Gogo wa mwanzo alikuwa radi," mwenyekiti alisema. "Kulia kwake kukikugusa, unaamka kesho. Lakini yule wa mwisho? Alichuja. Atafundisha nini?"

"Tulia, nitakukata sikio," kinyozi akamwambia. "Mbona mapambano manne ya mwisho alishinda?"

"Kwa pointi! Anadonoadonoa kwa kushoto kama kuku."

Wateja wakaangua kicheko. Baba naye akacheka kidogo, akainamia viatu vyake. Hajui kujisifu, ukilisifia kochi lake, atakuonyesha mshono uliopinda.

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini bandeji zake za mikono nilizifua mimi tangu nina miaka tisa.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema, nikimhamishia mtoto bega la pili. "Zamani bandeji ya kulia ndiyo iliyonitesa. Nailoweka, nasugua, damu haitoki. Mwisho mwisho ikawa inarudi na jasho tu, ya kushoto ndiyo imechakaa. Nikamuuliza Mama. Akasema ninyamaze, Baba amevunjika mkono wa kulia."

Baba akakohoa. "Mwanangu, hayo ni ya nyumbani."

"Ni ya nyumbani, Baba, lakini leo yanakunyima kazi."

Mwenyekiti akageuka na povu lake lote. "Mapambano manne, kwa mkono mmoja?"

"Mmoja na nusu," Baba akajibu. "Kulia nilikuwa natishia tu. Wapinzani walikuwa bado wanauogopa mkono ule."

"Basi nguvu zilipungua, akili ikakolea," kinyozi akasema.

"Maneno matupu," mwenyekiti akasema. "Simama unionyeshe!"

Baba akasimama. Bega la kulia likacheza kidogo tu, mwenyekiti akafumba macho. Kushoto kukamgusa puani taratibu, kukarudi na povu.

Mwenyekiti akajifuta pua.

"Jumatatu, saa kumi jioni," akasema. "Usichelewe, mwalimu."

Nilipofika nyumbani nikazitoa zile bandeji sandukuni, nikaziloweka zote mbili.