Majina ya Wenye Magunia

Mimi ni mwoga. Nalisema hili mapema ili usije ukanitafutia ushujaa mahali ambapo haupo. Katika miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya wazungu ikipigana na waasi wa msituni, nilikuwa na mashine ya kusaga unga kando ya barabara ya Lanet, mwendo mfupi kutoka mjini Nakuru, na sikumbuki asubuhi hata moja niliyoiwasha bila kuchungulia kwanza kama kuna lori linakuja.

Mashine yenyewe haikuwa kitu cha kuringia. Ilikuwa kibanda cha mabati, injini ya dizeli iliyokohoa sana kabla ya kukubali kuwaka, na mkanda ambao nilikuwa nimeuunga mara nyingi hata sikujua tena mkanda wenyewe ni upi na kiraka ni kipi. Lakini ilikuwa yangu, na leseni yake ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuishi pale. Mtu wa kabila langu asiyekuwa na kazi wala leseni alipakiwa kwenye lori na kupelekwa hifadhini, eneo lililotengewa kabila letu, huko ambako mimi sikuwa na ardhi hata ya kufugia kuku. Nilikuwa nimeshatolewa kwa nguvu mara moja, kule Olenguruone tulikoishi kwanza, mke wangu akiwa na mtoto mgongoni, na sikutaka kutolewa tena. Kwa hiyo mtu aliposema neno kufunga, wengine walisikia biashara, mimi nilisikia lori.

Wateja wangu karibu wote walikuwa wanawake waliofanya vibarua katika mashamba ya wazungu. Alfajiri walipita na mahindi yao, wakayaegemeza magunia ukutani, wakaondoka bila kusema mengi kwa sababu nyapara hakungoja mtu. Jioni, kabla ya saa za kafyu, walirudi kuchukua unga. Hapakuwa na karatasi. Kila mmoja alilifunga gunia lake kwa fundo lake. Mmoja alitumia kitambaa chekundu, mwingine kamba ya mkonge iliyosukwa mara tatu, mwingine ukosi wa shati kuukuu. Nilipomaliza kusaga nililifunga vilevile nilivyolikuta, na katika miaka yote sikuwahi kumpa mtu unga wa mwenzake. Hilo naweza kujisifia.

Majina yao sikuyajua. Kwetu mwanamke mwenye mtoto ni mama wa fulani, basi. Kumuuliza jina alilopewa na babake, tena uwe mwanamume asiye wa nyumba yake, ni kumkosea adabu.

Siku moja mchana, injini ikinguruma, nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa afisa, mzungu kijana mwenye kifimbo, na nyuma yake karani wake, Mwafrika aliyevaa soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini. Nilizima injini. Kimya kilichofuata kilinitia hofu kuliko wao wenyewe. Afisa alielekeza kifimbo kwenye magunia. Yalikuwa kumi na manne.

“Mzee, hii unga yote ni ya nani?” karani akauliza.

“Ni ya akina mama, bwana. Wako kazini.”

“Mama gani? Sema majina.”

Nikaangalia magunia. “Hii ni ya yule wa kitambaa nyekundu. Hii nayo ni ya mama wa kamba tatu…”

Karani alitafsiri. Afisa hakucheka. Aliongea kidogo, na karani akanigeuzia uso ambao ulikuwa umekasirika kuliko wa bwana wake.

“Unga haina mwenyewe ni unga ya watu wa msitu. Jumatatu tunarudi. Tukute jina ya kila gunia, na shamba yenye huyo mama anafanya kazi. Kama hakuna, leseni tunachukua, mashine tunafunga. Umesikia?”

Nilisikia. Nilisikia mpaka nikashindwa kula chakula cha jioni. Nilimwambia mke wangu kwamba wamekuja kutazama leseni tu, naye akainua sahani yangu akaiondoa.

Ningeweza kuwaambia wanawake wasiache magunia, wangoje unga wao. Lakini wangengoja saa ngapi, na nyapara anahesabu watu saa kumi na mbili? Kwa hiyo nilinunua daftari la shule, nikachonga penseli. Niliona nimepata njia ya busara kabisa. Hata nilijipongeza.

Asubuhi iliyofuata wa kwanza kufika alikuwa yule wa kitambaa chekundu. Alikuwa mcheshi, kila siku akiniuliza kama injini imepona kifua.

“Mama,” nikasema, “leo naomba jina lako.”

“La nini?”

“Nataka tu kuandika. Na shamba lako pia.”

Uso wake ulifungika. Alitazama daftari, akatazama penseli, kisha akanitajia jina kwa sauti ndogo, kama mtu anayejibu polisi. Akaacha gunia, akaenda. Hakuuliza habari za kifua cha injini. Siku hiyo niliandika majina matano. Wanawake wengine walipoona foleni imekwama na sababu yake ni nini, walijitwika mahindi yao tena wakasema wamechelewa.

Siku ya pili yalikuja magunia manne. Siku ya tatu yakaja mawili. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilikuwa naiogopa Jumatatu kiasi kwamba siku zilizokuwa mbele yangu sikuziona. Nilijiambia labda mahindi yamepungua majumbani, nikawa nafagia sakafu ambayo haikuwa na unga.

Jumamosi alikuja mama mmoja mzee kuchukua gunia alilokuwa ameliacha jana yake. Nilikuwa sijalisaga, nikamwomba angoje kidogo.

“Nipe tu mahindi yangu vile iko,” akasema.

“Kwani nimekosa nini, mama?”

Alijitwika gunia kwanza, ndipo akajibu. “Baba, mimi sikusemi vibaya. Lakini wiki ile ingine wamechukua wanawake shamba ya huko juu. Walisimamishwa mstari, wakaitwa kutoka kwa kitabu.”

“Hiki changu sijampa mtu!”

“Najua hujapeana. Lakini iko.”

Alipoondoka niliketi juu ya debe. Nilifikiria kulichoma daftari. Jiko lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na moto ulikuwa unawaka. Nililishika mpaka jalada likalowa jasho la mikono yangu, kisha nikalirudisha kwenye rafu. Nilifikiri, wakikuta hakuna kitabu, ni lori. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na sikupiga nyingine.

Jumatatu walikuja kama walivyosema. Ukutani hapakuwa na gunia hata moja. Afisa alizungukazunguka, akagonga mabati kwa kifimbo, akaonekana ameridhika.

“Kitabu?” karani akauliza.

Nikampa. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye majina, kisha akalibana kwapani.

“Bwana, hiyo ni ya kazi yangu,” nikasema.

“Nunua ingine. Leo umefanya vizuri, mzee.”

Walinigongea leseni muhuri. Nilisimama mlangoni nayo mkononi mpaka gari lao likapotea upande wa mjini. Nilipaswa kufurahi. Niliwasha injini ili watu waisikie, wajue ningali nipo. Wanawake wawili walikuwa wakipita na mahindi kichwani. Waliposikia mngurumo waliongeza hatua, wakavuka barabara, wakapita upande wa pili. Niliiacha injini ikanguruma bure kwa muda, kisha nikaizima ili mawe ya kusagia yasilike kwa kuzunguka bila nafaka.

Nilikwenda nyumbani, nyuma ya kibanda, jua likiwa bado juu. Mke wangu alikuwa amepiga magoti uani mbele ya jiwe la kusagia, lile la mama yake, ambalo tangu nipate mashine lilikuwa la kuzuilia mlango. Mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka viwiko. Alikuwa anasaga mahindi yetu.

“Unafanya nini?” nikauliza. “Mashine si iko hapa?”

“Wenzangu wameniambia nikisaga kwako nisitembee nao tena.” Hakuacha kusaga. “Wameniuliza kama na jina langu uliliandika.”

Nilipolinunua lile daftari, nilitaka kuona mistari itakavyokaa, na jina pekee la mwanamke nililolijua lilikuwa lake. Niliandika jina alilopewa na babake, na chini yake nyumba tunayolala.

“Kiko wapi hicho kitabu?” akauliza.

Nikamwambia. Jiwe likasimama.