Vibati Sita Nilivyovisugua

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilisugua vyombo hadi nikasugua na memwari, kazi ya kumalizia chuo, ya dada yangu. Ndiyo, nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, wewe uko darasa la saba; heshimu mvi zangu, hata kama bado ziko njiani.

Kwetu Kinanira, sufuria isiyong'aa ni aibu ya msichana. Mama na yaya Espérance, dada yangu wa chuo kikuu, walikuwa kanisani. Nilibaki na vyombo, majivu na mchanga wa ziwani. Kwenye meza ya uani nikaona vibati sita vya chuma, kila kimoja kina utando mweusi kama masizi. Msomi mzima na uchafu wote huu! Nikavisugua hadi nikayaona meno yangu ndani yake.

Yaya aliporudi alishika kimoja, akakaa chini na gauni lake la kanisani.

"Ni nani alisugua hii?"

"Ni mi, yaya. Vilikuwa na kutu."

"Apana, Nadine! Ile si kutu. Ni oksidi ya manganizi. Kazi ya miezi mitatu, na kesho kutwa naionyesha kwa maprofesa!"

"Basi waambie ni safi."

Hakucheka. Machozi yalimtoka, na mimi, mcheshi wa familia nzima, nikauliza tutaupakaje upya.

Utando ule ulikuwa wa kutunza umeme, katika chombo kinachojaa upesi kuliko betri yoyote. Shida yake, umeme haukupita vizuri ndani ya oksidi. Kila alipojaribu, taa iliwaka kidogo, ikazimika. Sasa unga wa oksidi wa kupaka ulibaki kijiko kimoja. Yaya akasema makaa hupitisha umeme, basi nikayatwanga hadi yakawa laini kama poda. Tukachanganya na unga ule makaa mengi kuliko mwanzo, tukapaka utando mwembamba, maana hatukuwa na jinsi, tukaukausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa.

Jumatatu alasiri tulivitumbukiza viwili viwili katika vikombe vitatu vya maji ya chumvi. Yaya akavitia umeme, akachomoa waya, akaunganisha taa ndogo nyekundu. Ikawaka. Ikapita pale ilipozoea kuzimika, na bado inawaka! Hakuna betri, mwanangu. Unga mweusi na makaa ya kupikia maharage.

"Mu ule unga kuna vitundu vidogo, macho haiwezi kuviona," yaya alininong'oneza. "Umeme inakaa mule."

Nikasogeza pua hadi kwenye kikombe kuvitafuta vitundu, hata mama akatoka jikoni kuuliza nimepoteza nini.

Jumanne maprofesa walimuuliza kwa nini utando ni mwembamba hivyo. Alieleza vizuri, akapita. Jina langu hakulitaja, Mungu asifiwe.

Hiyo si ruhusa ya kusugua vitu vya watu, mwanangu. Tulibahatika, na machozi ya yaya bado nayaona. Kabla hujaita kitu uchafu, muulize mwenyewe ni nini, kisha kaa usikilize jibu lote.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa, mikono mivivu ya kuharibu, na dada mwenye subira. Wangu simwazimi mtu.