Dakika Kumi na Tano za Kufika Muyinga

Ujinga huu ni wangu. Mi mtu wa kukaa nyumbani Gitega, safari yangu ndefu ni Giheta, tena najisifu nilimaliza sekondari. Shangazi aliyenilea alizidiwa kule Muyinga, akataka kuniona. Nikaangalia umbali kwenye simu, ikaandika dakika kumi na tano. Nikampigia: "Shangazi, niko njiani!" Kisha nikakaa, nikamaliza maharagwe yangu taratibu.

Kumbe zilikuwa dakika za ndege, na ndege ya kwenda Muyinga haipo. Nilifika jioni kwa basi, nikamkuta amefunikwa uso. Jirani yake, Mama Riziki, hakunipa hata pole.

"Alisema tumkalishe aangalie mlango. Tulimshika mgongo mpaka akakata roho, we ndiyo unafika."