Aliyeomba Atozwe Kodi

Mwaka wa tisini na saba, afisa wa kodi akishuka tu Majengo, nusu ya maduka ya Mpanda yalipata msiba. Milango ilifungwa, wenyewe wakawa wamekwenda kuzika, na mazishi hayo hayakuwa na maiti. Ndiyo maana Bwana Manyanda, afisa mwenyewe, Msukuma mrefu aliyekwisha kuzoea kukimbiwa, alimtazama kwa mashaka mwanamke aliyeingia ofisini kwake bila kuitwa, amejifunga kitenge cha kanisani, akasema, "Shikamoo bwana. Nimekuja kutozwa kodi."

Jina lake Annonciata, ila wengi walimjua kwa jina la mwanawe, Mama Pacifique. Alikuwa mkazi wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi Warundi, na aliuza maharage ya wakulima wenzake. Duka hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni sauti. Alipanda baiskeli hadi Majengo, kwenye chumba cha Scola, mwenye redio koli ya kulipia: mashine moja mezani, betri ya gari chini yake, na waya mrefu juu ya paa. Humo alizungumza na watu wa Kaliua, wa Karema, wa Namanyere, akawatajia bei, wakapatana. Gunia lilipanda treni au lori, na fedha zikarudi mkononi mwa dereva. Hakuwahi kumwona mnunuzi hata mmoja. Miaka mitatu ya kazi hiyo, na bado kila alipobonyeza kitufe na mtu wa mbali akaitika, nywele zilimsimama. Wengine walikwisha kuzoea, yeye hakuzoea kabisa.

Sasa mhasibu wa shule moja ya bweni huko Tabora alikuwa amemwahidi oda ya mwaka mzima, kwa sharti moja: alete karatasi ya kodi yenye jina lake. Asipoileta kabla shule haijafunguliwa, oda ingekwenda kwa Maximilian, tajiri wa Majengo, ambaye angeyanunua maharage yale yale ya Katumba kwa bei ya kuwaumiza wakulima.

"Duka lako liko wapi, mama?" aliuliza Bwana Manyanda.

"Sina."

"Meza sokoni?"

"Sina."

"Sasa nikutoze kodi ya nini, ya kupumua?"

"Ya kuuza redioni."

Bwana Manyanda alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakunja uso. "Nyie watu wa hapa nawajua. Kuna tajiri amejificha nyuma yako, anataka karatasi kwa jina lako. Siandiki biashara ambayo sijaiona."

"Haionekani, bwana. Inasikika. Twende ukaisikie."

Nadhani alikwenda kwa udadisi tu, maana kazi ya kukimbiwa ina upweke wake. Walifika kwa Scola saa za mchana, wakati vituo vyote viko wazi na kila mtu anamsikia mwenzake. Scola akaita, vituo vikaitika, na chumba kikajaa salamu. Bwana Manyanda akaomba kipaza sauti. Akajikohoza kama anayehutubia mkutano wa hadhara.

"Mimi ni afisa wa kodi, Mpanda. Nani kati yenu amewahi kununua mzigo kwa Mama Pacifique? Aseme jina lake na mahali alipo. Ova."

Jamani, neno kodi! Waliokuwa wakisalimiana walinyamaza wote mara moja. Redio ikabaki inakwaruza peke yake. Scola akamtazama Annonciata kwa huruma. Annonciata aliiona oda ya shule inakwenda zake kwa Maximilian, na hakuweza hata kuwalaumu waliokaa kimya. Nani ajitaje mbele ya mtu wa kodi kwa ajili ya mwanamke asiyemjua sura?

Bwana Manyanda alikuwa ameshainuka, kofia mkononi, redio ilipokohoa.

"Celestin hapa, Karema. Nauza samaki, migebuka. Maharage ya mama huyo nimeyanunua, magunia mawili. Alinitumia kabla sijalipa, na hanijui. Ova."

Bwana Manyanda akakaa.

"Namanyere hapa, Marsela, nina mgahawa. Mimi pia. Kila mwezi. Ova."

Ikaja sauti ya Kaliua. Ikaja ya Inyonga, mzee mwenye kikohozi. Zikaja nyingine ambazo Annonciata hakuwahi kuzisikia, watu walionunua kwa mkono wa mtu wa pili, kumbe walikuwa wanamsikiliza siku zote. Kila mmoja alitaja jina lake, na kila mmoja alijua anajitaja kwa nani. Annonciata alishika ukingo wa meza. Alikuwa hajawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja namna ile. Watu wale wote walikuwa wapi? Nani alikuwa amempa watu hao?

Tatizo ni kwamba Bwana Manyanda alikuwa anaandika. Kila shahidi aliongeza kodi. Marsela alipokumbuka na madebe ya asali aliyowahi kuuziwa, Annonciata alisema kimoyomoyo, "Dada, hayo si ungeyaacha tu," huku machozi yakimtoka.

Bwana Manyanda alipofunga kalamu alikuwa mtu mwingine. "Nina miaka mingi kwenye kazi hii," alisema polepole. "Sijawahi kusikia watu wanajitaja."

Kesho yake Annonciata alilipa. Karatasi ikatoka na jina lake lote, mhasibu akajibu kutoka Tabora kwamba alete mzigo, na akiba yake ya kuezeka nyumba bati ikaishia pale kaunta. Jioni alimkuta mama yake, Libérate, uani anapepeta maharage. Mama huyo alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili amemshika Annonciata mkono, na miaka ya kwanza ya Katumba alisimama foleni na kopo akipimiwa unga wa msaada.

"Mama, mwaka huu bati hakuna," alisema Annonciata, akijiandaa kugombezwa. "Fedha nimepeleka kwenye kodi."

Libérate aliacha kupepeta. "Umeipa serikali? Ya hapa?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiye umewapa wao?"

"Mimi, Mama."

"Na wakapokea?"

"Wamepokea. Wakasema asante."

Libérate aliweka ungo chini, akajikung'uta makapi kwenye kanga, akatoka kwenda kuwaita majirani.