Kiingereza cha A Hadi H

Karani wa masjala aliitwa Kamusi, na jina hilo hakupewa bure. Kila siku kabla ya chai ya saa nne alimeza maneno matano mazito ya Kiingereza kutoka kitabu kinene kilichopoteza jalada, akayaandika kiganjani kwa kalamu, na hakutoka kazini mpaka kila moja limemwangukia mtu. Miaka mitatu ya juhudi ilikuwa imemfikisha herufi H.

Mkewe, muuguzi, alifanya kazi kituo cha mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Likizo iliyopita Kamusi alipowatembelea, binti yao mdogo alimpokea begi mlangoni kwa adabu zote: "Shikamoo, mjomba." Kamusi akaitikia marahaba, akaenda kujifungia chooni. Aliporudi kazini, akaketi kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Neno la kawaida la Kiingereza la uhamisho alilijua, ila alilidharau. Hata mlinzi wa getini alikuwa nalo. Tena lilikaa huko mwisho wa kitabu, ambako hajafika. Akalizunguka kurasa mbili nzima bila kuligusa.

Ofisi ile ilikuwa na desturi moja: hakuna aliyeuliza maana. Kuuliza ilikuwa kujivua nguo hadharani. Barua ikapanda ngazi. Kila mkubwa akaikunjia uso, akatikisa kichwa taratibu, akasaini na kuisukuma mbele. Baada ya miezi miwili ikarudi na saini saba na agizo la mkurugenzi: "Fikra pevu. Ziendelezwe."

Aendeleze nini, hata mwenyewe hakujua. Akaenda kwa mkuu wa idara, akajikaza kusema Kiswahili.

"Mzee, mimi nilikuwa naomba uhamisho tu. Nimfuate mama watoto."

"Uhamisho?" Mkuu akacheka. "Si ungesema, bwana! Sasa hatuwezi kukuachia. Ukiondoka, barua ataandika nani? Mimi?"

"Hata wewe unaweza, mzee."

"Acha utani. Kaandike jibu la kukataa, ulete nisaini. Na ulipambe. Mtu akinyimwa, anyimwe kwa heshima."

Kamusi akarudi mezani, akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akaandika mistari kumi na miwili, yote ya A hadi H, ya kumruhusu karani wa masjala kuhamia kituo cha mkewe kuanzia wiki ijayo. Neno moja jepesi likiponyoka humo, kazi hana.

Mkuu akavaa miwani, akasoma. Akaurudia mstari wa tatu. Kamusi akakunja kiganja chenye wino.

"Hapa," mkuu akagonga karatasi kwa kidole, "hapa umejikomesha kweli."

"Nimejitahidi, mzee."

"Ningekuwa wewe, nisingeomba tena maishani."

"Siombi tena, mzee."

Mkuu akasaini, akagonga mhuri mara mbili, kwa uzito wa jambo lenyewe.