Visigino vya Bi Aliya

Nasriya binti Muslim alikuwa jirani yangu Matrah, mlango wake na wangu ukitazamana. Zama zile mwanamke hakuwa akienda mbali peke yake, kwa hiyo kila alipokwenda mwaka ule nilikwenda naye, na ndiyo maana haya nnayaandika kwa niliyoyaona. Ilikuwa 1968. Tulikuwa tumeshakaa Oman miaka minne tangu kutoka Unguja, na watu wa mtaani walikuwa bado wakituita Wazinjibari, hata yule aliyezaliwa na baba wa Nizwa, Oman kwenyewe.

Mumewe, Suud, alikuwa kazini Kuwait. Nyumbani alibaki Nasriya na mama mkwe wake, Bi Aliya, mama wa heshima zake aliyepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukamwachia maneno machache tu, yote ya Kiswahili. Kiarabu alikuwa akikisikia vizuri, lakini kukisema ndiyo basi tena.

Neno alilolitumia zaidi lilikuwa "roho". Kwetu Unguja roho si ile tu ya kutoka mtu akifa; roho ni hapa pia, kooni. Mtu akiwa na mafua husema roho inaniuma, na akiwa na kiu husema roho imenikauka. Bi Aliya akisema "roho", hupeleka mkono wake mzima kooni kisha akausukuma mbele, na Nasriya alikuwa akijua la kufanya. Humwinua, akamwegemeza kifuani pake, akamwinamisha kidevu asipaliwe, akampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, na Bismillahi kila kijiko.

Kwa huko kuinua na kugeuza, Nasriya mwenyewe akapata ngiri. Daktari wa hospitali alimwambia lazima apasuliwe, na asikawie, maana utumbo ukinasa hapana wa kumlaumu. Na akishapasuliwa asinyanyue hata ndoo mpaka Ramadhani ipite.

"Nitakuja," Nasriya akamwambia. "Lakini kwanza nimpatie mama yangu pahala."

"Pahala gani?" daktari akauliza.

"Hilo ndilo nnalokwenda kulitafuta."

Mimi nilikuwa na mume mgonjwa katika chumba kimoja. Marhoon, shemeji yake Nasriya, nduguye Suud kwa baba, alikuwa hana mke na akilala dukani kwake sokoni. Hospitali vitanda vilikuwa ni vya wanaotibiwa. Nyumba za kulelea wazee hazikuwapo. Walikuwapo wanawake wachache, wengi wao wajane, waliowapokea wagonjwa majumbani mwao. Tukaanza kuuliza.

Maneno yakazuka mtaani. Ati Nasriya anamtoa mkwewe nyumbani, mume kampa kisogo tu. Yeye akajibu mara moja, dirishani, kwa sauti yake ile ndogo: "Mwenye kusema na aje amgeuze." Hakuja mtu.

Nyumba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Kheiria, Maskati, ndani ya ukuta wa mji. Marhoon aliipenda kabla hajaiona, kwa kuwa waliompa habari zake walikuwa watu wakubwa. Tukaingia, tukapewa halua na kahawa. Kuta zimepakwa chokaa, na ubani umefukizwa mpaka macho yakatutoka machozi. Wazee wamelala wameelekezwa kibla, shuka nyeupe mpaka kidevuni.

Nasriya akaomba awaamkie. Alipita kitanda kwa kitanda, akabusu mikono, na kila kitanda akainama kama mtu anayetengeneza shuka miguuni. Kitanda cha tatu alikaa pale zaidi kidogo, kisha akarudi kuaga.

Nje Marhoon akasema, "Nyumba safi. Tumlete lini?"

"Hatumleti."

"Shemeji, wewe unatafuta nyumba au unatafuta Pepo ya Mungu?"

"Yule bibi ana kidonda kisiginoni, cheusi. Mtu akilala asigeuzwe, huanzia hapo. Ubani ule wa nini mwingi vile? Na jua likishakuchwa wanafunga milango ya mji. Mama akizidiwa, nani atanifungulia?"

Marhoon akanigeukia. "Bi mkubwa, umesikia? Tunakwenda kutazama nyumba, mwenzetu anakwenda kutazama nyayo."

"Nyayo zinaonekana," nikamwambia. "Moyo wa mtu huuoni."

Ya pili ilikuwa Yiti, na huko tulikwenda kwa mashua ya mtu anayemjua Marhoon. Masouda, mwenye nyumba, alikuwa mtu wa Wete, na alitupokea kwa Kiswahili cha Pemba kilichotutia raha mpaka tukasahau tulichojia. Nasriya alitaka iwe hiyo. Nilimwona usoni. Huyu angesikia "roho" akajua roho ni nini. Lakini Masouda mchana kutwa yuko ufukweni anaanika papa, na mzee mmoja aliyekuwa naye alikuwa amelala peke yake chumbani, nzi mdomoni, mkeka umelowa. Nasriya alimgeuza yule mzee, akamfuta, akamtilia mkeka mwengine. Masouda alipoingia akamwambia, "Samahani, dada, nimeingilia kazi yako."

"Umenisaidia," Masouda akasema, na aibu ikamshika. "Niko mkono mmoja tu, mwenzangu."

Kurudi, Nasriya alilia chomboni, uso kaugeuzia baharini ili shemeji yake asimwone. Mkono ameukandamiza chini ya tumbo. Nikamuuliza kama inauma. Akasema inauma kidogo tu, na mimi nikajua si kidogo.

Marhoon akamwandama wiki nzima. Kesho yake alikuja na samaki, akakaa kizingitini. "Suud akirudi akakukuta umekufa kwa kutafuta nyumba, mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yake hakuwa na vidonda."

Wattaya wakati ule ilikuwa ni mashamba ya mitende na nyumba za kuhesabika. Huko alikuwa akikaa Bi Hind, mwanamke mnene, mwenye mikono kama ya mwanamume. Tulipobisha hodi alituitikia kwa ndani: "Ngojeni, mzee nimemshika." Tukangoja juani. Marhoon akanung'unika kwamba hatujakaribishwa hata maji. Nasriya alikuwa anatabasamu.

"Unachekea nini?"

"Kwa Bi Kheiria walitukimbilia mlangoni. Huyu hakumwacha mgonjwa wake."

Ndani hakuna ubani, hakuna chokaa. Kulikuwa na harufu ya sabuni na mafuta ya nazi. Nasriya akainama miguuni kwa kila mgonjwa kama kawaida yake, na Bi Hind akamwona.

"Unatazama visigino," akasema kwa Kiarabu.

"Naam, nnatazama. Usinikasirikie."

"Nikukasirikie kwa nini? Wengine huja wakatazama mapazia." Akaifunua shuka yote. Visigino vilikuwa laini, vimepakwa mafuta, na chini yake pamewekwa mito midogo ya sufi.

Nasriya alinitazama mimi. Rangi ilimrudi usoni.

Wakakubaliana Bi Aliya aletwe kwanza siku chache za kutazamia, na akiwa salama ndipo Nasriya aende hospitali. Marhoon akaazima Landrova ya tajiri mmoja wa sokoni, tukamlaza nyuma juu ya magodoro. Nasriya akamweleza Bi Hind kila kitu: upande anaoupenda, uji wake, namna ya kumtilia udhu, kijiko kwa ajili ya maji. Neno la roho hakumweleza. Kwake yeye halikuwa neno la kufasiriwa. Lilikuwa ni mama anataka maji, basi.

Siku ya tatu tukarudi. Bi Hind alitufungulia mlango kanuna.

"Mama yako hanitaki," akasema.

"Kakufanya nini?"

"Ananifukuza. Kila nikimkaribia na maji, ananisukuma kwa mkono ananambia ruhi. Ruhi, ruhi, kutwa. Mimi nna adabu zangu, mtu mzima akinambia niondoke nnaondoka. Maji nnayaacha pale karibu naye. Hayanywi. Uji anakula, alhamdulillahi, lakini maji ameyakataa."

Marhoon akaketi kwenye kizingiti. Ruhi, kwa Kiarabu, ni kumwambia mwanamke nenda zako.

Bi Aliya alikuwa amelala ubavu, visigino vizima, shuka safi, na midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Alipomwona Nasriya akapeleka mkono kooni, akausukuma mbele. "Roho," akasema.

"Umesikia?" Bi Hind akasema. "Na wewe anakufukuza."

Nasriya akapiga magoti amwinue. Bi Hind akamshika bega. "Wewe na tumbo lako hilo usimguse. Nambie mimi."

"Mwinue. Mweke kifuani. Kidevu kiiname. Sasa mpe."

Bi Aliya alikunywa kijiko kwa kijiko, na macho yake hayakuondoka kwenye lile bakuli. Alipokwisha akavuta pumzi ndefu. Nasriya akamshika Bi Hind mkono, akamwekea kooni pake mwenyewe, akamwambia kwa Kiarabu: "Hapa ndipo roho kwetu. Hakukufukuza. Alikuwa akikuita."

Bi Hind akaliweka bakuli chini. Kisha akamwinamia Bi Aliya, akambusu kichwani, akasema, "Mama, mie nilidhani umenichukia," na shungi yake akaifutia macho.

Marhoon akasimama. "Haya, neno lishafahamika, na Mungu kaleta kheri. Shemeji, gari liko nje. Twende hospitali."

"Sijamaliza."

"Hujamaliza nini tena?"

"Leo limemponza neno moja. Kesho litamponza jengine, na mimi nimelazwa, sina habari." Akavua viatu, akakaa mkekani. "Nenda kamwambie daktari nnakuja, lakini si leo."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza, muulize kwanza kama anataka maji."

Hata Bi Hind alicheka alipofasiriwa.

Tulilala kule, mimi na yeye. Kutwa Nasriya alikaa mkekani akimfundisha Bi Hind maneno ya Bi Aliya. Hayakuwa mengi. "Baridi" halikuhitaji somo, Mwarabu na Mswahili wote wanalo. "Geuza" lilimpa tabu ulimini. "Sudi" ni Suud, mwanawe. Akimwita, usimwambie yuko Kuwait, mwambie anakuja inshallah. Na "basi" ni la kweli, akilisema acha. Maumivu yakimjia, Nasriya hunyamaza, hushika mkeka, kisha huendelea pale alipoachia. Nilimsihi aende. Akanambia, "Dada, nikienda na wasiwasi huu, daktari atapasua nini?"

Chumba cha pili palikuwa na mzee kipofu, Majid, mtu wa Sumail, mchokozi. Alikuwa akisikiliza masomo yote. Alasiri moja akapiga ukelele: "Hind, roho."

Bi Hind akampelekea maji. Akayaonja, akayarudisha. "Si haya. Roho yangu mimi ni ya kahawa."

Bi Aliya alicheka. Upande mmoja tu wa mdomo, lakini alicheka, na tangu kiharusi hatukuwahi kumwona akicheka.

Marhoon aliporudi na gari, habari za daktari zilikuwa ni kwamba kama si leo basi asimjie tena. Nasriya akatawadha, akasali rakaa mbili, akaja kumuaga mkwewe. Akasimama pale. Akautengeneza mto, akautengeneza tena. Akamuuliza Bi Hind "geuza" ni nini, naye alishamuuliza asubuhi.

Bi Aliya akamtazama, kisha akamtazama Bi Hind. Mkono wake mzima ukanyanyuka. Haukwenda kooni. Ulikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Ruhi," akasema.

Bi Hind alikwishashika bakuli la maji. Akamwinua, akamwekea kijiko mdomoni. Bi Aliya akafumba midomo, akageuza uso kwa Nasriya. "Ruhi," akasema tena, safi, kwa ile sauti aliyokuwa akiwatolea watoto wake wasichelewe chuoni. Ulimi wake tangu kiharusi haukuwa umetamka neno la Kiarabu.

Nasriya akambusu mkono na kichwa, akatoka. Garini hakulia. Alinambia tu, "Kaniruhusu," na akafunga macho.

Alipasuliwa siku ile ile, na Mungu akampa afya. Mimi nilikuwa nikienda Wattaya kila Marhoon alipopata gari, nikirudi na habari. Ramadhani ilipokwisha, Iddi mosi, Nasriya alikwenda mwenyewe, kavaa nguo mpya, kachukua sahani ya vileja. Bi Hind alikuwa mlangoni na mikono miwili imefunguliwa amkumbatie. Nasriya akampita, akaingia chumbani, akapiga magoti mwisho wa kitanda, akaifunua shuka.

"Mwanamke gani huyu," Bi Hind akaniambia. "Hata mkono wa Iddi hajanipa."

Nasriya alikuwa ameushika mguu wa mkwewe kwa viganja viwili, akiupapasa kisigino polepole kwa kidole gumba. Kilikuwa laini. Ndipo akainua uso.

"Iddi mubaraka, dada Hind," akasema. "Sasa nipe mkono."